Treni Ikilala Arusha: Namna ya Kusimamia Huduma ya Usiku kwa Mabehewa ya Abiria

Mwongozo huu nimemwandikia msimamizi wa zamu ya usiku, yaani yule mtu mmoja ambaye, treni ya abiria ikishaingia jioni na abiria wakishatawanyika na mizigo yao, hubaki na mabehewa yote mikononi mwake hadi alfajiri. Nimeuandika nikiifikiria yadi ya Arusha, mwisho wa reli iliyoanzia Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, lakini mengi yaliyomo yanaifaa Moshi pia na stesheni nyingine yoyote ambako treni hulala. Vipimo vya undani vya kila aina ya behewa vimo katika vitabu vya watengenezaji na kanuni za kazi, na hivyo sitavirudia. Ninachotaka kueleza ni namna ya kuupanga usiku wenyewe, kwa sababu nimewaona mafundi hodari wakishindwa kutoa treni kwa wakati ilhali ujuzi wanao. Kazi zao ziligongana, na hakuna aliyejua kwa hakika nani yuko chini ya behewa lipi.

Kuuhesabu usiku kuanzia alfajiri

Kosa la kwanza la msimamizi mgeni ni kuuona usiku kuwa mrefu. Tuchukue mfano wa treni ya mabehewa manane inayoingia saa 2:00 usiku na kutakiwa kuondoka saa 12:00 asubuhi. Kwa haraka haraka hizo ni saa kumi. Sasa hesabu kinyumenyume. Abiria wanatakiwa kukuta milango iko wazi na taa zinawaka saa 11:00 alfajiri, kwa hiyo treni iwe imesogezwa jukwaani kufikia saa 10:45, baada ya jaribio kamili la breki lililoanza saa 10:00, kichwa cha treni, yaani injini yake, kikiwa kimekwisha kuungwa. Kichwa hakiwezi kuletwa ikiwa kuna mtu chini ya behewa, kwa hiyo kazi zote za chini zikome saa 9:30 usiku, na ile nusu saa ya katikati itumike kuhesabu watu, kukusanya vifaa na kuondoa mabango ya kukataza kusogeza. Upande wa mwanzo nako, hadi abiria washuke, mizigo itolewe, mabehewa yapelekwe yadi na kuwekwa kabari, ni vigumu kazi kuanza kabla ya saa 2:45. Zinazobaki ni saa sita na dakika arobaini na tano, na humo humo mna chakula cha usiku.

Ukishazipata saa hizo, anza kupanga ile kazi ambayo haiharakishiki hata ukiongeza watu, na mara nyingi kazi hiyo ni maji. Kisha tenganisha kazi zisizokaa pamoja: maji yanayomwagika wakati wa kujaza matangi humwondoa mkaguzi wa bogi (fremu yenye magurudumu chini ya behewa), dawa ya wadudu humtoa fundi umeme ndani ya behewa, na kuzima umeme huwaacha wasafishaji gizani. Mimi nilikuwa nikichora ubao mmoja kwa chaki, mabehewa yakiwa yamepangwa kwa mstari kutoka juu kwenda chini na saa zikienda kwa upana, na katika kila kisanduku naandika jina la kikundi kinachoruhusiwa kuwa hapo saa hiyo. Ubao huo ukae mahali ambapo kila mtu hupita akienda kuchukua vifaa. Mpango uliobaki kichwani mwa msimamizi hauwasaidii wengine.

Kabla treni haijasimama

Huduma ya usiku huanza treni ikiwa bado inatembea. Weka watu wawili mahali inapoingilia, mmoja kila upande wa njia, wote wakiwa na tochi kali na wote wakiwa wamenyamaza. Gurudumu lililopata bapa hugonga reli kwa mpigo unaofuata mwendo, tak, tak, tak, na mpigo huo huchelewa kadiri treni inavyopunguza kasi. Beringi iliyochoka hutoa mkwaruzo mzito usiokatika. Breki iliyogoma kuachia hutoa harufu ya chuma kilichoungua, na usiku huweza kuonekana cheche au wekundu hafifu kwenye kiatu chake, kile kipande kinachobana gurudumu. Dalili hizi hupotea dakika ileile treni inaposimama, na ukizikosa hapo huenda usizipate tena hadi behewa liwe njiani na abiria ndani.

Treni ikisimama, pima joto la masanduku ya ekseli, yale yenye beringi ndani yake, mapema, kabla halijapoa. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali hurahisisha kazi, lakini jambo la kuelewa ni kwamba joto la sanduku moja peke yake halisemi mengi. Linalosema ni tofauti yake na wenzake wa behewa lilelile, kwa kuwa yote yamesafiri umbali uleule chini ya mzigo unaokaribiana. Fundi mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akipitisha mgongo wa mkono karibu na kila sanduku bila kuligusa, anakwenda polepole kama mtu anayehesabu, na akifika kwenye lenye joto mkono ulirudi wenyewe kabla hajasema neno. Ndipo alipochukua chaki na kutia alama. Kipimajoto kikiharibika saa 3 usiku, ufundi huo bado upo, mradi uwe umewafundisha vijana wako.

Wakati huohuo, mtu mwingine azungumze na dereva, gadi na wahudumu kabla hawajaenda kupumzika. Daftari la hitilafu lisomwe mbele yao, kwa kuwa mwandiko wa mtu aliyesafiri usiku na mchana mara nyingi husomeka kwa shida. Mhudumu wa behewa la kulala anajua choo kipi hakishuki maji na mlango upi hujifungua wenyewe kwenye kona. Mkaguzi anaweza kuzunguka usiku kucha asiyagundue hayo, kwa sababu kwake mlango umetulia.

Isisogezwe

Katika yadi moja niliyofanyia kazi ujanani, shanta, yaani mwongozaji wa kusogeza mabehewa yadini, aliambiwa kwa mdomo kwamba mabehewa yako tayari, naye akaongoza kichwa kuja kuunga. Fundi wetu alikuwa amelala chali kati ya reli, akibadilisha kiatu cha breki cha behewa la sita. Mabehewa yalisogea kiasi cha urefu wa mkono, kisha yakasimama kwenye kabari iliyokuwa hatua moja kutoka kifuani pake. Alitoka akitetemeka, na sote tukakaa chini kwa muda bila kusema kitu. Baadaye tulipofuatilia tukakuta kwamba aliyetamka “tayari” alikuwa fundi umeme, na alikuwa anazungumzia taa.

Tangu usiku ule nimesimamia utaratibu mmoja bila kulegeza. Pointi, yaani reli zinazosogezwa ili kuibadilisha treni njia, zinazoelekeza njia iliyolala treni zielekezwe kwingine na zifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa msimamizi, usiwekwe mezani wala kutundikwa ukutani. Kabari ziwekwe pande zote mbili za magurudumu, na breki za mkono zikazwe, hata kama yadi inaonekana tambarare. Ncha zote mbili za mabehewa ziwekwe bango la kukataza kusogeza pamoja na taa yake, kwa rangi inayotajwa na kanuni za mahali pako. Kila kikundi kinachoingia chini kiweke kibao chake chenye jina la kiongozi wa kikundi, na kibao hicho kiondolewe na mtu yuleyule aliyekiweka. Fundi akienda nyumbani na kusahau kibao, anapigiwa simu arudi au msimamizi anakagua njia nzima kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kukiondoa. Neno “tayari” lisitumiwe na mtu mwingine yeyote usiku kucha. Fundi umeme aseme “taa zimekamilika”, wa maji aseme “matangi yamejaa”, na neno lenyewe litoke kwa msimamizi peke yake, kwa maandishi, kwenda kwa mkuu wa stesheni.

Kuna hatari nyingine ndogo ambayo huumiza wengi zaidi. Kabla ya kugusa viatu vya breki au fimbo zake, behewa hilo litengwe na bomba kuu la upepo wa breki na upepo uliobaki kwenye silinda utolewe wote. Kiatu cha breki kinachojibana ghafla hakimwachii mtu vidole.

Breki

Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Kila mtu wa reli nchini mwetu anaibeba siku hiyo. Nami naitaja hapa kwa sababu moja tu: jaribio la breki ndiyo kazi ambayo, muda ukibana, kuna mtu atakayependekeza ifupishwe.

Kwa Arusha jambo hili lina uzito wake. Mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini yake kwa mita mia kadhaa, hivyo treni inayotoka Arusha huanza safari yake kwa kuteremka, ikiwa imejaa, asubuhi ambapo dereva bado hajazifahamu tabia za breki alizopewa. Mwenye treni inayoanza kwa kupanda mlima hupata nafasi ya kugundua hitilafu akiwa na mwendo mdogo. Anayeteremka hana nafasi hiyo.

Jaribio lifanyike kwa treni nzima ikiwa imekamilika na kichwa chake cha safari kikiwa kimeungwa. Likifanyika kwa mabehewa peke yake saa nne kabla, linafaa kwa kutafuta uvujaji lakini halitoshi. Kwa breki za upepo, bomba kuu hujazwa hadi shinikizo la kazi, ambalo kwa kawaida ni baa 5, kisha geji iliyofungwa kwenye behewa la mwisho isomwe. Geji hiyo ya nyuma ndiyo shahidi wako. Koki moja ya upepo ikiachwa imefungwa kati ya behewa la tatu na la nne, geji ya dereva itaonyesha shinikizo zuri kabisa, na mabehewa matano ya nyuma hayatakuwa na breki anayoweza kuitawala. Upepo ukitimia, funga ile njia ya kuongeza na subiri uone unapungua kiasi gani kwa dakika. Kiwango kinachoruhusiwa kisomwe kitabuni, kisikaririwe. Baada ya hapo dereva apunguze shinikizo kidogo, na wakaguzi wawili watembee treni nzima, mmoja kila upande, wakiangalia kila kiatu kwa macho na kukigusa kwa nyundo ndefu: kimebana au hakijabana. Wakifika mwisho, dereva aachie breki, nao warudi wakiangalia kila kiatu kimeachia. Safari ya kurudi ndiyo watu huiruka. Ndiyo pia inayofichua breki inayong’ang’ania, ile itakayochemsha gurudumu kabla treni haijamaliza mteremko.

Kwa wenye mabehewa ya breki za vakuumu, wakumbuke kwamba breki hizo hubanwa na uzito wa hewa ya nje, na hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban asilimia 15. Nguvu wanayoipata huku juu haiwezi kulingana na ya pwani, kwa hiyo uvujaji ambao pwani ungeonekana mdogo, huku usivumiliwe.

Mabehewa yanapokaguliwa chini, magurudumu na bogi huangaliwa kwa wakati mmoja: ukingo wa gurudumu kwa geji yake, unene wa viatu vya breki, springi zilizovunjika, boliti zilizolegea, na rangi ya uso wa gurudumu. Rangi ya samawati au rangi ya mafuta iliyobabuka pembeni ya gurudumu ni ushahidi kwamba limepata joto kali, na behewa hilo lichunguzwe breki zake hata kama sasa limepoa na linaachia vizuri.

Maji, kazi inayokula muda

Tuseme kila behewa lina tangi la lita 1,000 na bomba la yadi hutoa lita 40 kwa dakika. Tangi moja litajaa kwa dakika 25, na mabehewa manane kwa mpira mmoja yatachukua saa tatu na dakika ishirini, bila kuhesabu muda wa kuhamisha mpira. Ukiongeza dakika tano kwa kila behewa, unafika saa nne. Kwa mipira miwili inayotoa kiasi hichohicho kila mmoja, muda huo unakuwa saa mbili. Ndiyo maana nasema msimamizi akipata fedha kidogo za kuboresha yadi, asinunue kwanza mashine ya kuoshea. Anunue mpira wa pili na tangi kubwa la akiba lililoinuliwa juu, ambalo litajazwa mchana polepole na kumwagwa usiku kwa nguvu. Msukumo wa maji ya mjini haumsikilizi mtu mwenye ratiba ya treni.

Mpira wa maji safi na mpira wa kuoshea vyoo visikutane kamwe, wala visihifadhiwe ukuta mmoja. Ipe rangi tofauti na, ikiwezekana, ncha zisizoingiliana, ili hata mtu aliyechoka saa 9 usiku ashindwe kuchanganya. Ncha ya mpira wa maji safi isilale chini kati ya reli, kwa kuwa mabehewa ya aina ya zamani hudondosha uchafu wa vyoo moja kwa moja njiani, na vyoo vya aina hiyo vifungwe wakati wote treni ikiwa imesimama stesheni au yadini. Kabla ya kuunganisha, maji yaachwe yatiririke kidogo ili yaondoe yaliyolala mpirani tangu jana. Klorini iliyobaki kwenye maji ya bombani ndani ya behewa isipungue miligramu 0.2 kwa lita, na kipimo chake si kigumu: kichupa kidogo cha maji, kidonge, na rangi ya waridi unayoilinganisha na kadi. Pima kwenye bomba la mwisho la behewa. La karibu na tangi haliwezi kukuambia hali ya maji yaliyofika mwisho wa njia.

Hapa Arusha kuna jambo la ziada ambalo msimamizi kutoka kwingine huenda asilijue. Maji mengi ya pande za Meru hubeba floridi inayotokana na miamba ya volkano, na watu waliokulia katika baadhi ya vijiji vyetu wanaonekana kwa madoa ya kahawia kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Klorini haiondoi floridi, na kuchemsha hakuiondoi pia. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki kwenye yale yaliyosalia. Kwa hiyo usijaze tangi la maji ya kunywa, wala la jiko la behewa la chakula, kutoka kwenye kisima chochote kilicho karibu na reli kwa sababu tu maji yake ni maangavu. Chanzo kiwe kimepimwa na matokeo yake yawe ofisini kwako. Usipokuwa na uhakika, andika wazi juu ya bomba kwamba maji hayo ni ya kunawa tu, na ya kunywa yapangwe kupakiwa kwenye vyombo vyake. Moshi, ambayo kwa sehemu kubwa hutumia maji ya chemchemi za mlimani, ina nafuu katika hili, na pale ratiba inaporuhusu ni busara kujazia huko maji ya kunywa.

Tangi likijaa, kazi haijaisha. Asubuhi moja treni iliondoka na behewa la tano likiwa halina tone, ingawa fundi alikuwa amelijaza na kutia saini; vali ya kutolea maji ilikuwa imeachwa wazi robo tu, na maji yalitoka kidogo kidogo usiku kucha hadi yakaisha. Akina mama wenye watoto ndio walioteseka, safari nzima. Tangu hapo, baada ya kujaza, mtu anarudi nusu saa baadaye na tochi, anasoma kipimo cha tangi mara ya pili, na anaangalia kokoto chini ya behewa kama zina unyevu mpya.

Usafi

Vumbi la uwanda wa Sanya, kati ya Moshi na Arusha, ni laini kama unga na huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ukilifagia kavu linapanda kwenye feni na kwenye rafu za mizigo, kisha linashuka tena juu ya viti ulivyokwisha kuvifuta. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka juu kwenda chini, na sakafu iwe ya mwisho. Katika masika vumbi hilo hugeuka tope, na hapo muda wa kuosha sakafu uongezwe kwenye ubao mapema. Usimwachie msafishaji agundue mwenyewe.

Katika mabehewa ya kulala, kunguni hutafutwa kwenye mishono ya magodoro na nyufa za fremu za vitanda. Wanaoonekana ni wachache. Vidoa vyeusi vya kinyesi chao ndivyo vinavyokuambia ukweli. Mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, na chumba chenye dalili kifungwe kisiuzwe hadi kitakapotibiwa sawasawa, kwa sababu dawa iliyopulizwa saa 8 usiku katika chumba kitakachopokea mtoto saa 11 alfajiri ni kosa baya kuliko kunguni mwenyewe.

Onyo moja lirudiwe kila wiki mbele ya wasafishaji wote, wakiwemo wa muda: dawa yenye klorini isichanganywe na asidi ya kusafishia vyoo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na choo cha treni ni chumba kidogo chenye mlango mmoja.

Umeme na kichwa cha treni

Haya nayataja kwa ufupi kwa kuwa kwa kawaida yana wasimamizi wake. Betri za behewa ziangaliwe mahali penye hewa bila moto wala sigara, na maji maalumu ya betri yaongezwe baada ya kuchaji, isipokuwa kama sahani za ndani zimeachwa wazi. Taa zijaribiwe kwa betri peke yake, kwa sababu ndivyo zitakavyotumika treni ikikwama porini. Taa ya korido au ya choo isiyowaka usiichukulie kama suala la starehe. Mwanamke anayesafiri peke yake usiku anaihesabu kuwa usalama wake. Kichwa kisiachwe kikinguruma ndani ya banda lililofungwa, na mchanga wa kwenye masanduku yake, ule unaomwagwa relini ili magurudumu yasiteleze, uwe mkavu. Mchanga ulioganda kwa unyevu wa masika haushuki relini siku utakapohitajika kwenye mwinuko wa kurudi Arusha.

Saa za usingizi

Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri mwili wa binadamu hudai usingizi, hata kwa mtu aliyezoea zamu. Kwa sababu hiyo nilikuwa nikipanga ukaguzi wa bogi na magurudumu uishe kabla ya saa 7:30 usiku, nikiacha baadaye kazi ambazo makosa yake yanaonekana kwa urahisi, kama kupanga mashuka, kujaza sabuni na kukagua vipini vya milango. Jaribio la breki haliwezi kuhamishwa, linaangukia palepale penye usingizi, kwa hiyo wanaolifanya wawe watu waliopumzika kuanzia saa 7 usiku, wakaitwa upya saa 9:30. Chakula kiwe cha moto. Julai, baridi ya Arusha inapokaa kwenye chuma, kikombe cha chai ya tangawizi kinamrudishia fundi vidole vyake; mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hasikii boliti ikilegea.

Kukabidhi

Karatasi ya kukabidhi iwe na sehemu tatu: kilichofanyika, ambacho hakijafanyika, na kilichoahirishwa pamoja na tarehe ya mwisho ya kukitengeneza na jina la aliyekubali kiahirishwe. Sehemu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayohitaji msimamizi asiyewatisha watu wake. Fundi anayejua kwamba atagombezwa kwa kuandika “sikumaliza” ataandika “nimemaliza”. Nilikuwa na desturi ya kumshukuru hadharani kila aliyeniletea jambo ambalo halijakamilika kabla ya saa 9 usiku, kwa kuwa saa hiyo bado naweza kulifanyia kitu.

Uamuzi wa kulikata behewa, yaani kuliacha nyuma, ni wa msimamizi, na usiahirishwe hadi jukwaani. Behewa lenye ufa kwenye gurudumu, springi iliyovunjika, kiunganishi chenye kasoro, breki zilizotengwa kinyume cha kanuni, au mlango wa nje usiofunga, libaki. Dirisha lisilofunguka au kiti kilichochanika huweza kusafiri na kuandikwa, ingawa kiti kilichochanika safari tatu mfululizo kinaonyesha kwamba sehemu ya tatu ya karatasi yako haisomwi na mtu. Mkuu wa stesheni aambiwe mapema kwamba mabehewa yatakuwa saba ili apange abiria. Akiambiwa saa 11, atakuomba ulirudishe, na utaona haya kukataa.

Dereva anapokuja kupokea, msomee karatasi mkiwa mmesimama pamoja. Dereva mmoja mtu mzima niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu hakutaka kusikia sehemu ya kwanza kabisa. Nikimsalimu, “Shikamoo mzee,” alijibu, “Marahaba, mwanangu. Hebu niambie ambacho hakijafanyika.” Akishasikiliza, aliuliza swali moja au mawili, akatia saini, akapanda.

Treni ikianza kuondoka, wale watu wawili warudi mahali walipokuwa jana usiku, mmoja kila upande, na wasikilize hadi behewa la mwisho lipite. Behewa lililogonga wakati wa kuingia ndilo la kusikilizwa kwa makini zaidi. Likigonga tena, simu ipigwe stesheni ya mbele treni ikiwa bado iko karibu. Likipita kimya, andika saa ya kuondoka kwenye daftari, rudisha kufuli za pointi, hesabu vibao vya mafundi vikiwa vyote vimetundikwa kwenye misumari yake, ndipo uwaruhusu watu waende kulala.